Nyuzi Nane za Geti la Isenga

Jumatatu, 26 Mei

Baridi ya kukunja vidole. Mama Hafsa, meneja wetu, ametangaza mbele ya ofisi nzima kwamba kuanzia Jumatatu ijayo kitabu cha geti kinafungwa na mfumo wa Recheli unaanza kazi. Alisema hivyo hivyo, "mfumo wa Recheli". Nimejifanya sijasikia, lakini nimesikia vizuri sana.

Niandike hapa ni mfumo gani, nikizeeka nisije nikasahau. Chama chetu cha wafuga nyuki kina watu mia sita na kitu wanaorina asali katika msitu wa kusini mwa Sikonge. Mtu akiingia huko anakaa hata wiki mbili, mara nyingi peke yake, mahali ambapo simu ni tochi tu. Kwa hiyo akifika geti la Isenga huandikwa: nani, kambi namba ngapi, atatoka lini. Siku aliyoahidi ikipita hajatoka, chama kinapeleka watu kumtafuta. Sasa karani wa geti atajaza kwenye kishikwambi, seva yetu hapa ofisini Gongoni itapokea na kuhifadhi, na itamtumia mke au ndugu ujumbe wa simu kwamba mtu wake ameingia.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa mrina asali wa Sikonge. Najua maana ya kusubiri.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda Isenga kuchukua kitabu. Karani wa geti ni Mzee Leodgar, miaka sitini na moja, kofia ya sufu hata jua likiwa utosini. Ameandika watu pale miaka ishirini na mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Injinia." Hajawahi kuniita Recheli tangu nimalize chuo. Nikamfundisha kishikwambi, akashika upesi kuliko nilivyotarajia. Halafu akauliza, "Hii mashine yako inamwandika mtu saa ngapi?"

"Saa ile ile, mzee. Mpaka sekunde."

"Saa ile ile ipi?"

Nikamjibu kwamba ile anayobonyeza. Kitabu alikuwa amekifunga kwa mpira wa baiskeli. Akanipa kwa mikono miwili. Nimekiweka kabatini ofisini.

Jumatatu, 2 Juni

Imekwama siku ya kwanza kabisa.

Jumapili watu wanasali, Jumatatu wanaingia msituni. Nalijua hilo tangu utotoni, na wakati napanga mfumo halikunijia kichwani. Leo waliofika getini ni arobaini na watatu, karibu wote kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Ghafla skrini ya Mama Hafsa ikaganda, na simu ya Mzee Leodgar ikaingia.

"Injinia, kiduara kinazunguka tu."

"Subiri kidogo, mzee."

"Mimi nasubiri. Hawa wenye baiskeli ndio hawasubiri."

Ndani ya seva kazi hufanywa na nyuzi. Kila ombi linaloingia hushikwa na uzi mmoja mpaka liishe, ndipo uzi ule ushike jingine. Niliweka nyuzi nane nikaona zinatosha na kubaki kwa geti moja. Leo zote nane zilikuwa zimeshika kitu na hakuna uliokuwa unaachia, na maombi mengine yamepanga foleni nyuma yake. Kabla ya kuizima seva nikapiga picha ya nyuzi, yaani orodha inayoonyesha kila uzi una kazi gani mkononi dakika ile. Tulifundishwa chuoni: piga picha kwanza, ndipo uzime. Nikaihifadhi, nikazima, nikawasha. Ikafunguka. Mzee akajaza upya wale waliokuwa bado wamesimama pale, tukamaliza saa nne. Picha sikuisoma. Seva ilikuwa imeshawaka, nikaona ya nini tena.

Jumanne, 3 Juni

Nimepitia logi ya jana mstari kwa mstari. Logi ni daftari ambalo seva inajiandikia yenyewe: kila ombi likiisha linapata mstari wake. Mistari yote inamalizika kwa neno "limekamilika". Kosa hakuna hata moja.

Basi aliyekwamisha ni nani? Mimi naona ni Mzee Leodgar, anabonyeza mara kumi kumi kama anayebisha hodi kwa mdeni. Nimemwambia Mama Hafsa hivyo. Labda mzee hafurahii kitabu chake kufungwa. Hilo nalo nimelisema.

Alhamisi, 5 Juni

Diski ya seva imejaa asilimia tisini na saba. Logi yangu inaandika kila kitu, hata kukohoa. Tena inanitolea maonyo ya rangi nyekundu kwenye skrini ya meneja: "mtu ametoka lakini hakuwahi kuingia". Matatu leo. Mama Hafsa ana wageni wiki ijayo na hataki kuona nyekundu. Nimebadilisha logi iandike makosa makubwa tu, na maonyo nimeyazima. Mzee atakuwa amekosea namba za watu. Skrini yote ni kijani sasa, inapendeza.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Mama Hafsa kanipa bakuli la pilau kubwa kuliko tumbo langu.

Jumatatu, 9 Juni

Tena, saa ile ile. Nyuzi nane, zote zimeganda, na simu ya mzee: "Kiduara, Injinia." Sauti yake haina hata hasira, na hilo ndilo linaniudhi.

Nimepandisha nyuzi kutoka nane hadi mia mbili. Niliwaza kwamba zikiwa nyingi hazitakwama zote. Ndani ya dakika ishirini kumbukumbu ya mashine ikaisha, seva ikaanguka nzima nzima, tukakaa saa mbili bila chochote. Wageni walikuwa wamekaa ofisini kwa meneja wakinywa chai. Mama Hafsa alitoka mara moja, akanitazama, akarudi ndani. Nilikosea neno la siri mara tatu.

Jumanne, 10 Juni

Nyuzi zimerudi nane. Nimeiwekea seva amri ya kujizima na kujiwasha yenyewe kila baada ya dakika thelathini. Kikikwama kitu, kinakatwa. Najua si tiba. Lakini inafanya kazi.

Mzee Leodgar amepewa barua ya onyo kwa "kutofuata utaratibu wa kujaza". Rasimu niliiandika mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Hakuna jipya. Kijani.

Jumatatu, 16 Juni

Mama mmoja kaja kumwulizia mumewe. Hayumo kwenye mfumo. Nimemrudisha. Seva haikuganda leo, nimefurahi.

Jumatano, 18 Juni

Yule mama amerudi. Anaitwa Magreth. Mumewe ni Silasi, mwanachama namba 418. Aliondoka nyumbani Jumatatu ya tarehe mbili akasema atatoka Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Leo ni siku ya nne juu ya ahadi.

Nilimfungulia mfumo mbele ya Mama Hafsa. Namba 418: hajaingia msituni msimu huu. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Shemeji zangu wamekwenda mpaka kambi yake ya mwaka jana, kule mtoni," Magreth akasema. "Wamekuta majivu ya zamani. Mwaka huu alisema anahamia kambi mpya, sijui ni ipi."

Mama Hafsa akashusha pumzi. "Mama, wanaume wa msimu wa asali tunawafahamu. Wapo wanaoaga Sikonge wakaonekana Ziba."

Magreth hakupandisha sauti. "Silasi ameondoka na dumu la maji na bomba la moshi la kufukizia nyuki. Mtu anayekwenda kwa mwanamke anabeba bomba la moshi?"

Akanigeukia mimi. "Wenzangu walipata ujumbe kwenye simu kwamba waume zao wameingia. Mimi sikupata."

"Hukupata kwa sababu hakuingia, mama."

"Au aliingia, na mashine haikusema."

Nikataka kumwambia kwamba mashine haifanyi hivyo, nikarudisha macho kwenye skrini. Nilikumbuka maonyo mekundu ya tarehe tano: mtu ametoka lakini hakuwahi kuingia. Watu watatu waliotoka msituni ambao mashine yangu haikuwaona wakiingia. Nikayatafuta ya siku zilizofuata, hayapo, kwa sababu niliyoyazima hayakuandikwa popote. Nimekaa mbele ya skrini ya kijani. Ninaogopa.

Tungempeleka nani kumtafuta, na wapi? Kambi ni arobaini na mbili, na kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni mwendo wa siku tatu kwa baiskeli. Kesho naenda Isenga. Nimetoa kitabu cha mzee kabatini nimekitia begini, sijui kwa nini.

Alhamisi, 19 Juni

Basi mpaka Sikonge, pikipiki mpaka Isenga. Saa tano nilikuwa getini. Kibandani kwa Mzee Leodgar barua ya onyo imebandikwa ukutani, pembeni ya kalenda ya parokia, kila mtu aione.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Hakuongeza Injinia. Nikamwuliza kuhusu Silasi.

"Alipita. Jumatatu ile ya kwanza. Dumu la njano, baiskeli haina breki ya nyuma. Nilijaza, nikabonyeza, kiduara kikaanza. Nyuma yake watu wanasukumana. Nikamwambia nenda, itajijaza yenyewe. Wewe ndiye ulisema inajijaza."

Ni kweli nilisema.

"Ulipojaza upya, baada ya mimi kuwasha?"

"Nilijaza waliokuwa mbele ya macho yangu. Waliokwisha kwenda wamekwenda."

"Alitaja kambi gani, mzee?"

Akavua kofia, akaishika magotini. "Ndiyo ninayoitafuta tangu shemeji zake walipopita hapa. Sikumbuki. Zamani nilikuwa naandika ili nisilazimike kukumbuka. Watu arobaini na watatu, binti. Sikumbuki." Macho yake yalikuwa mekundu, na mimi ndiye niliyeandika kwamba hafuati utaratibu.

Nikasema, kwa kujitetea tu, kwamba hata kwenye kitabu foleni ile ingemchelewesha. Akakataa. Akanyoosha mkono, nikampa kitabu, akakifungua katikati. Kila mstari unaanza na saa na namba ya kambi. Jina linafuata kwa kalamu nyingine au mwandiko uliotulia zaidi, na tarehe ya kutoka mwisho kabisa.

"Mnyamwezi akifika hapa ni lazima tusalimiane. Mwangaluka, za nyumbani, ng'ombe, watoto, mama mkwe anaendeleaje. Robo saa imekwisha. Katikati anafika mwingine, naye ana salamu zake, yule wa kwanza anaona tumeshaagana, anapanda baiskeli anaondoka. Kwa hiyo mtu akiwa bado yuko pale kwenye mteremko namwuliza kwa mkono, kambi? Ananionyesha kwa vidole. Naandika. Salamu baadaye. Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi wa misafara, kutoka hapa mpaka pwani. Baba alikuwa akisema mnyampara, msimamizi wao, aliwahesabu asubuhi wanapojitwisha mizigo, hakungoja jioni wanapotua. Aliyefika jioni unamwona. Asiyefika utamjuaje, kama hukumhesabu asubuhi?"

Nilimsikia mpaka mwisho, kisha nikawa simsikii tena.

Logi yangu inaandika ombi likiisha. Likiisha tu. Lililofika likakwama halina mstari, na nikizima seva linakufa bila kaburi. Ndiyo maana kila mstari ulisema "limekamilika". Nilikuwa nimewaandika waliotua mizigo, nikasema msafara wote umefika. Ndipo nikakumbuka ile picha ya nyuzi. Kitu pekee nilichowahi kukiandika kabla hakijaisha, na sikukisoma.

Kompyuta nilikuwa nayo. Nikaifungua juu ya meza ya mzee. Tarehe mbili Juni, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Nyuzi nane, na seva huupa kila uzi jina la ombi ulilolishika. Zote nane zilikuwa zimesimama mahali pamoja: zinangoja kampuni ya ujumbe wa simu ijibu, na mimi sikuwa nimeweka mwisho wa kungoja. Mtu hahifadhiwi mpaka ujumbe wake utoke, nami ndiye niliyepanga hivyo. Zingengoja mpaka kesho. Uzi wa kwanza, mtu 77. Wa pili, 590. Wa tatu, 12. Wa nne, 301. Nilikuwa nasoma kwa sauti na sauti inapungua. Wa tano: ingia, mtu 418, kambi 27.

Angekuwa wa tisa angekuwa kwenye foleni, na foleni haina jina.

"Ishirini na saba," Mzee Leodgar akasema, ameshasimama. "Ng'ambo ya mbuga. Hakuna mwenye kambi karibu na pale."

Warina asali wanne walikuwa wanafunga mizigo nje. Mkubwa wao, Valentino, aliposikia alishusha madumu yake ya asali chini palepale, wakapakia maji na blanketi. Saa nane mchana waliondoka. Mzee aliandika saa yao na kambi yao kwenye kitabu kabla hawajamaliza kupanda baiskeli.

Ijumaa, 20 Juni

Saa mbili asubuhi. Nimelala kwa mke wa mzee. Nimempigia Magreth, yuko njiani. Hakuna habari.

Saa nne. Magreth amefika. Amekaa kwenye benchi, ameangalia barabara ya msituni.

Saa sita na nusu. Upepo, vumbi. Mzee ameleta uji. Magreth ameunywa wote, kama mtu anayetimiza kazi.

Saa saba. Nimesoma shajara hii tangu mwanzo. Tarehe kumi na sita nimeandika "mama mmoja". Sikuandika jina lake. Mistari minne, na mmoja wapo ni kwamba nimefurahi.

Saa tisa na dakika kumi. Kijana wa Valentino ametokea peke yake kwa baiskeli, anakanyaga kwa nguvu. Magreth amesimama.

Yu hai.

Jumapili, 22 Juni

Silasi alianguka kutoka kwenye mti wa mninga siku ya Ijumaa, tarehe kumi na tatu, akishusha mzinga wa mwisho. Mfupa wa mguu wa kushoto ulitokeza nje. Akajiburuta mpaka kambini, akakaa siku saba na dumu la njano na masega, akihesabu. Alijua ahadi yake ni tarehe kumi na nne. Anasema Jumapili alianza kusikiliza, kwa sababu mtu akichelewa siku moja chama hutuma watu, na yeye aliandikwa.

Leo hospitalini wamemkata mguu chini ya goti. Daktari hakulaumu mtu. Amesema kidonda kiliharibika katika siku mbili tatu za mwisho.

Siku mbili tatu za mwisho ninazijua kwa tarehe.

Jumatano, 25 Juni

Nimefanya kazi bila kuinua kichwa. Logi sasa inaandika ombi linapofika, kabla ya kitu kingine chochote: saa, kambi, mtu. Likiisha linapata mstari wa pili. Mstari wa kwanza usipopata mwenzake ndani ya dakika moja, skrini inakuwa nyekundu na simu yangu inalia. Mtu anahifadhiwa kwanza. Ujumbe wa simu una nyuzi zake mbili pembeni, na hakuna uzi unaoruhusiwa kungoja zaidi ya sekunde tano. Ile amri ya kujizima nimeifuta. Maonyo yote nimeyarudisha.

Mama Hafsa alisimama nyuma yangu. "Nyekundu hiyo itatuaibisha mbele ya wageni," akasema, kisha akavuta kiti akakaa. "Acha ituaibishe. Nilimwambia yule mama habari za Ziba, Recheli. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Barua ya onyo imefutwa kwa barua. Mzee ameibandika ya pili juu ya ya kwanza, lakini si yote, kichwa cha ile ya zamani bado kinaonekana. Kitabu kimebaki kwake, kwa idhini ya meneja.

Jumatatu, 30 Juni

Watu hamsini na mmoja. Mara mbili kampuni ya ujumbe ilichelewa, nyuzi ziliachia zenyewe. Ilipofika saa tatu na dakika kumi na mbili nilikuwa nimeshika meza.

Mzee alipiga simu saa tatu na nusu. "Recheli, kiduara hakijaonekana." Ameniita jina langu.

Jumanne, 8 Julai

Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Naenda wodini. Kesho kutwa Silasi anaruhusiwa, na jana Magreth alinipigia: mumewe anaomba niende nimweleze ilikuwaje, kwa sababu kila akimwuliza mtu anaambiwa mashine ilikwama.

Mashine haikukwama peke yake. Nyuzi nilizipanga mimi, maonyo niliyazima mimi, na tarehe kumi na sita mkewe alisimama mbele ya meza yangu nikamrudisha nyumbani. Nitamwambia hivyo, kwa mpangilio huo. Anaweza kunifukuza. Anaweza kunyamaza, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Nimebeba ile picha ya nyuzi kwenye karatasi, mstari wa tano nimeupigia mstari, maana alisema anataka kuona pale alipoandikwa.

Zamani ningeandika haya jioni, mambo yakiwa yamekwisha na mimi nimeshajua nimesimama wapi. Leo naandika kabla. Recheli, saa mbili na dakika kumi na tano, wodi ya wanaume, kitanda cha sita. Naingia.